Pikapu ya dizeli, maili 9 kwa galoni: je, injini inaumwa?

"Naishi Columbus, Ohio. Mwaka jana nilinunua Ram 3500 ya 2017, dizeli ya Cummins lita 6.7, yenye tairi mbilimbili nyuma, ili nianze kazi ya kusafirisha mashine za ujenzi kwa tela refu. Aliyeniuzia aliniambia inafika maili 20 kwa galoni. Ikiwa tupu kwenye barabara kuu napata 16 au 17. Nikifunga tela na mzigo, jumla karibu paundi 24,000, dashibodi inaniandikia 10.5, lakini nikipiga hesabu kwa risiti napata 9.6, na wakati wa baridi kali ilishuka hadi 8.7. Nimetafuta kiwango rasmi cha serikali cha gari hili sikukiona. Rafiki yangu aliye kwenye kazi hii hii ananiambia nitoe filta ya ekzosi na kubadilisha programu ya injini, nitapata maili 3 zaidi kwa kila galoni. Fundi mmoja anasema nozeli zimechoka, nibadilishe zote 6. Nimsikilize nani? Nakimbia maili 75 kwa saa, kama maili 2,500 kwa wiki, na usiku nalala garini injini ikiwaka kwa ajili ya joto."

Ndugu yangu, nianze na lile linalokunyima usingizi: kwa uzito huo na spidi hiyo, 9.6 ni namba ya gari lenye afya. Kwa vipimo vyetu vya nyumbani ni kilomita 4 na kidogo kwa lita moja, na najua mtu aliyezoea pikapu ndogo Dar au Nairobi akiisikia atashika kichwa. Lakini hapa unasogeza jumla ya karibu tani 11. Usitoe hata dola moja kwa ajili ya nozeli au ya filta kabla hatujaangalia mafuta yako yanakwenda wapi hasa, kwa sababu kwenye barua yako mwenyewe naona sehemu mbili yanakopotea, na hakuna hata moja iliyotajwa na rafiki yako wala fundi.

Kwanza hiyo namba rasmi uliyoitafuta. Hukuiona kwa sababu haipo. Marekani, lebo ya ulaji wa mafuta inayobandikwa kwenye kioo cha gari jipya ni lazima kwa pikapu ambazo uzito wao wa juu unaoruhusiwa, gari pamoja na mzigo wake, hauzidi paundi 8,500. Ram 2500 na 3500, Ford F-250 na F-350, na Silverado za 2500 na 3500 zote zimevuka hapo. Zinabanwa na viwango vingine, vilivyoanza na magari ya 2014, vinavyopimwa kwa wastani wa magari yote ambayo kampuni inauza na kuzingatia uwezo wa kubeba na kuvuta. Mnunuzi haonyeshwi chochote. Ndiyo maana muuzaji yeyote anaweza kukutajia 20. Hakukudanganya kabisa: gari kama lako, tupu, barabara tambarare, maili 60 kwa saa, hali ya hewa nzuri, linaweza kukaribia hapo. Hakukuambia tu kwamba hakuna mtu anayelinunua gari hilo ili alitembeze hivyo.

Sasa tofauti ya dashibodi na risiti. Amini risiti. Kompyuta ya gari inakadiria mafuta kwa kuhesabu yale inayoamini imeyapitisha kwenye nozeli, na makadirio hayo kwa kawaida hupendelea gari kwa asilimia kadhaa. Kwako ni kama asilimia 9, na hilo peke yake si ugonjwa. Ila hata risiti inadanganya ukiichukua moja moja. Dizeli ina povu. Pampu ikikata mapema kwa sababu ya povu, tangi lako linaweza kupungukiwa galoni moja au mbili, na kwenye galoni 30 hilo ni kosa la asilimia 3 hadi 7. Jaza kwenye kituo kilekile kila inapowezekana, bomba lipunguze kasi mwishoni, simama pampu inapokata yenyewe, usiongezee. Kisha jumlisha galoni za matangi matatu au manne, ndipo ugawanye maili kwa galoni. Na kagua odomita kwa GPS: kama mwenye gari wa kwanza aliweka tairi kubwa kuliko za kiwandani, odomita inasoma maili pungufu kuliko ulizotembea, nawe unadhani gari linakula zaidi kuliko linavyokula kweli.

Kuna jambo jingine kuhusu namba hizi ambalo lingewaokolea madereva wengi fedha. Fikiria kwa galoni ngapi kwa kila maili 100, uache kidogo kuwaza maili kwa galoni. Kutoka 9 kwenda 11 kunaonekana kidogo, maili mbili tu. Lakini ni kushuka kutoka galoni 11.1 hadi 9.1 kwa maili 100, yaani galoni 2 kamili. Mwenye pikapu tupu akitoka 18 kwenda 22, maili nne, anaokoa galoni 1 tu kwa umbali uleule. Kwa hiyo wewe unayevuta mzigo ndiye unayefaidika zaidi na kila nafuu ndogo, na ndiye unayeumia zaidi kwa kila uzembe mdogo.

Tuingie barabarani. Mafuta yanalipia mambo manne: kulisogeza gari dhidi ya hewa, kuzungusha tairi zilizolemewa, kupanda mlima, na joto linalopotea kwenye ekzosi na rejeta. Watu wengi wanaamini uzito ndio mlaji mkuu. Kwenye milima na kwenye mataa ya mjini, ndiyo. Ukielekea mashariki, Pennsylvania na West Virginia, kila mlima unaupanda kwa dizeli na kuushuka ukiitupa ile nguvu kwenye breki. Lakini kwenye tambarare za Indiana na Illinois, kwa spidi yako, hewa ndiyo inayokula sehemu kubwa, na mashine iliyosimama juu ya tela ikiwa na kibanda chake na mkono wake wa chuma ni kama mwavuli uliofunguliwa ukiwa juu ya pikipiki.

Hewa haikupingi kwa kiasi kilekile kila unapoongeza spidi. Upinzani wake unakua kwa mraba. Kutoka maili 65 kwenda 75 spidi imeongezeka kwa asilimia 15, lakini upinzani wa hewa umeongezeka kwa theluthi nzima. Hesabu hiyohiyo inaeleza upepo: ukitembea 65 na upepo wa mbele ni maili 15 kwa saa, hewa inakupokea kana kwamba unakimbia 80, na upinzani unapanda kwa nusu. Upepo wa nchi hii kwa kawaida unatoka magharibi. Ukienda Kansas kwa barabara kuu ya I-70 na kurudi, usishangae safari ya kwenda ikikuonyesha 8.5 na ya kurudi 10.5 kwa mzigo uleule. Wapo wanaolipeleka gari kwa fundi baada ya safari ya kwenda, kisha wanamshukuru fundi baada ya safari ya kurudi.

Baridi nayo inaingia hapohapo. Hewa ya nyuzi 15 chini ya sifuri ya Selsiasi ni nzito kwa takriban asilimia 14 kuliko hewa ya nyuzi 20, na hewa nzito inapinga zaidi. Dizeli ya majira ya baridi huchanganywa na aina nyepesi ili isigande, na aina hiyo ina nishati pungufu kidogo kwa kila galoni. Oili ya difu na ya gia inakuwa nzito, tairi zinapungua upepo, injini inachelewa kupata joto. Kushuka kwako kutoka 9.6 hadi 8.7 ni kama asilimia 9. Baridi peke yake inatosha kukueleza hilo lote.

Sasa hizo sehemu mbili nilizosema. Ya kwanza ni spidi. Wewe mwenyewe umeandika maili 2,500 kwa wiki kwa 75. Kwa 9.6 hizo ni galoni 260. Ukishuka hadi 65, kwa mzigo kama wako natarajia uione 11 au karibu yake, yaani galoni 227. Umeokoa galoni 33. Tukichukua dola 4 kwa galoni ili hesabu iwe nyepesi, ni dola 132 kwa wiki. Lakini niwe mkweli, umelipa kwa muda: zimeongezeka saa 5 na dakika chache barabarani. Ni kama dola 26 kwa saa. Kama saa hizo 5 zingekupatia mzigo mwingine unaolipa vizuri zaidi, endelea na 75 na usijilaumu. Kama zingeishia kwenye kusubiri kupakia Jumatatu asubuhi, basi unachoma dola 132 ili ufike mapema ukasubiri. Wengi ninaowaona wako kwenye kundi hili la pili. Ushauri wangu kwa mtu kama wewe ni 66 hadi 68, na siku ya upepo mkali wa mbele ushuke hata chini ya hapo.

Spidi ina suala lingine ambalo halihusiani na mafuta, na siwezi kulinyamazia. Angalia ubavu wa tairi za tela lako, utafute herufi ya spidi. Herufi L inamaanisha kikomo ni maili 75, M ni 81. Tairi za tela zilizoandikwa ST ambazo hazina herufi kabisa huchukuliwa kuwa za maili 65. Ukikimbia 75 kwa mzigo kamili, mwezi wa saba, juu ya tairi ya maili 65, suala la galoni ni dogo mno. Tairi ya tela ikipasuka kwa mwendo huo hujui inakupeleka wapi, wala anayekufuata nyuma hajui.

Sehemu ya pili ni usiku. Injini ya saizi hiyo ikiwa sailensi, yaani inawaka bila kukanyagwa na gari limesimama, inakula karibu nusu galoni kwa saa. Saa 8 za usingizi ni galoni 4. Siku 5 za kazi ni galoni 20, na hizo galoni 20 ziko ndani ya risiti zako zote huku hazijakusogeza hata hatua moja. Ukizitoa kwenye 260, ile 9.6 inakuwa 10.4 bila kugusa kitu chochote kwenye injini. Kuna hita ndogo zinazotumia dizeli kutoka tangi lilelile, zimetengenezwa kwa madereva wanaolala garini, na zinakula chini ya galoni moja kwa usiku mzima. Fundi anayezijua ndiye aifunge, moshi wake utoke nje kabisa, na uweke kengele ya kaboni monoksidi mahali unapolala. Hilo la kengele nakusihi usiliruke.

Usiku huo wa sailensi una madhara mengine, na hapa tunafika kwenye filta ambayo rafiki yako anataka uitupe.

Tangu magari ya 2007, dizeli za barabarani za Marekani zina filta kwenye ekzosi inayonasa masizi. Ikijaa inabidi ijisafishe: kompyuta inaongeza mafuta kidogo ambayo hayafanyi kazi ya kusukuma gari, yanapandisha joto la ekzosi hadi nyuzi 550 au 600 za Selsiasi, na masizi yanaungua. Wakati huo ukitazama ulaji wa papo hapo kwenye dashibodi utauona umeanguka, na watu wanatishika. Sasa zingatia hili. Ukivuta mzigo kwenye barabara kuu, ekzosi yenyewe ina joto la kutosha, na sehemu ya masizi inaungua polepole bila mafuta ya ziada. Kazi yako ya mchana ndiyo kazi ambayo filta hii inaipenda. Saa 8 za sailensi ndizo inazozichukia, kwa sababu ekzosi imepoa na masizi yanaongezeka. Kwa hiyo unaijaza usiku, kisha asubuhi unalipa dizeli kuisafisha.

Je, kuitoa kutakupa maili 3? Tupige hesabu kwa ukarimu. Tuseme inajisafisha kila maili 400, na kila mara inameza galoni nzima ya ziada, jambo ambalo kwa gari zima naona ni kutia chumvi. Kwa 9.6, maili 400 ni galoni 41.7. Ukiondoa hiyo moja unafika 9.8. Ndiyo faida yote ya filta. Wanaopata zaidi ya hapo wanaipata kwenye ile programu mpya, ambayo inawahisha muda wa kumwaga mafuta kwenye silinda. Hilo kweli linaongeza ufanisi kidogo, na kweli linakuokolea DEF, yale maji ya urea yanayonyunyizwa kwenye ekzosi kupunguza sumu ya moshi, ambayo kwa kawaida inakwenda kama galoni 2 hadi 3 kwa kila galoni 100 za dizeli. Sitakuficha hilo. Lakini bei yake ni oksidi za naitrojeni kutoka kwa wingi, na masizi yote kuachiwa angani. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 2012. Wewe unalala ndani ya gari hilo.

Tena ni kinyume cha sheria ya shirikisho ya hewa safi, kwa anayetoa na kwa anayeuza vifaa vya kutolea. Najua rafiki yako atakwambia kila mtu amedilitisha, yaani ametoa mifumo ya kusafisha moshi, na ni kweli wako wengi: mwaka 2020 EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani, ilikadiria kwamba pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimetolewa mifumo hiyo ndani ya miaka kama kumi. Wingi wao haukulindi siku unapotaka kuuza gari, wala siku wakala anapokukatalia matengenezo. Mwenye leseni ya kusafirisha mizigo kati ya majimbo, namba ya usajili ikiwa imeandikwa mlangoni, ana vingi vya kupoteza kuliko kijana anayeendea starehe.

Hapohapo nikuongezee jambo la gari lako hasa. Januari 2024 Cummins ilikubali kulipa faini ya dola bilioni 1.675 kwa sababu ya programu za injini kwenye Ram 2500 na 3500 za 2013 hadi 2019, ambazo ziliachia hewa chafu kuliko zilivyoonyesha kwenye vipimo. Magari ya miaka hiyo yaliitwa kuwekewa programu iliyorekebishwa bila malipo. Lako la 2017 limo. Nenda kwa wakala wa Ram na namba ya chesisi, uliza kama mwenye gari wa kwanza aliitikia, na uulize pia kama programu iliyomo ni ya kiwandani. Ukinunua pikapu iliyotumika, hujui nani alishaichezea.

Tuje kwa fundi wa nozeli. Nozeli 6 za injini hii pamoja na kazi ni maelfu ya dola, na simshutumu mtu nisiyemjua, ila hakuna alichokiona kwenye maelezo yako kinachothibitisha neno lake. Nozeli zilizochoka zina dalili zake: injini inatetemeka au kugonga ikiwa sailensi, moshi mweupe asubuhi, inachelewa kuwaka, oili inapanda kwenye kijiti badala ya kushuka na inanuka dizeli. Mwombe akupe vipimo kwenye karatasi: kiasi cha mafuta kinachorudi kutoka kila nozeli, na kompyuta inasawazisha kila silinda kwa kiasi gani. Fundi mzuri hatachukia kuulizwa. Akichukia, tafuta mwingine.

Kabla ya hapo, wewe mwenyewe una ukaguzi wa nusu saa usiogharimu kitu. Baada ya mwendo wa barabara kuu, simama taratibu bila kukanyaga breki sana, kisha pima joto la kila habu, kitovu cha gurudumu, kwa kipimajoto cha kuelekeza, cha gari na cha tela. Moja ikiwa ya moto sana kuliko zenzake, breki inashika au beringi inakufa. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi kwenye magari yanayoletwa kwa malalamiko ya ulaji, na mara nyingi liko kwenye tela, mahali ambapo hakuna mtu anayetazama. Tazama tairi za tela zinavyolika: zikiisha upande mmoja, ekseli imekaa mshazari na unaikokota Marekani nzima. Pima upepo tairi zikiwa baridi, kulingana na mzigo. Angalia joto la injini kwenye dashibodi: ikikimbia muda mrefu bila kufika karibu nyuzi 190 za Farenhaiti, themostati imekwama wazi, na injini baridi inakula zaidi na filta haijisafishi vizuri. Kagua mipira mikubwa ya hewa kati ya tabo inayosukuma hewa kwenye injini na intakula inayoipoza, kama ina mafuta kwenye maungio au inapiga mluzi ukikanyaga. Zamani hewa ikivuja hapo ungeona moshi mweusi. Siku hizi filta inaumeza, na dalili pekee unayoiona ni gari kujisafisha mara kwa mara.

Angalia pia uwiano wa difu yako, yaani shafti inazunguka mara ngapi kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Ram hizi zilitoka na 3.42, 3.73 au 4.10. Ukiwa na 4.10, injini inazunguka kwa kasi zaidi kwa spidi ileile, nawe utakuwa nyuma kidogo ya mwenye 3.42 daima. Usibadilishe, gharama hairudi. Jua tu usijilinganishe naye.

Mpeleke fundi gari ana kwa ana, bila kusubiri, ukiona mojawapo ya haya: ulaji umeongezeka kwa zaidi ya asilimia 15 kwenye njia ileile, mzigo uleule na hali ya hewa inayofanana, gari linajisafisha kila siku hata unapovuta mzigo barabara kuu, maji ya rejeta yanapungua na huoni yanakovuja, kwani kipoza cha EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, huenda kimetoboka ndani, au onyo la DEF lenye kuhesabu maili zilizobaki kabla spidi haijazuiwa. Oili ikipanda kwenye kijiti, usiendelee na safari. Dizeli imeingia kwenye oili, na beringi za injini hazitakusubiri ufike. Ukifika kwake mwambie asome kiasi cha masizi, tofauti ya presha kabla na baada ya filta, sensa za joto la ekzosi, na maili kati ya kujisafisha mara moja na nyingine. Mpelekee na daftari lako la matangi manne ya mwisho, lenye tarehe, maili, galoni, uzito na upande ulikokuwa ukielekea.